Kelele za Upepo Kwenye Gari la Paa la Kitambaa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Usuli

Kisa hiki kinahusu gari la milango miwili na viti vinne, lenye paa la kitambaa linalokunjwa kwa mota, ambalo lilikuwa limetumika kwa zaidi ya miaka 10 likiwa bado na kitambaa chake cha awali. Aina ya gari, mahali lilipohudumiwa na kila kinachoweza kumtambulisha mwenye gari au mafundi waliolishika vimeondolewa. Kilichobaki ni kile tu kinachohitajika ili msomaji aelewe tatizo lilivyokuwa na kwa nini njia fulani ilifuatwa na nyingine ikaachwa.

Sehemu chache za paa hili zinafaa kuelezwa mapema, kwa sababu kisa chote kimefungamana nazo. Mifupa ya paa ni mataruma ya chuma yanayokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, yakibebwa na reli mbili za pembeni zenye viungo vya kukunjika. Taruma la mbele kabisa, lililo pana na gumu kuliko mengine, hukaa juu ya fremu ya kioo cha mbele na kufungwa kwa kulabu mbili zinazoweza kurefushwa au kufupishwa. Kitambaa kina matabaka matatu: nyuzi za akriliki nje, mpira wa butili katikati, na nyuzi za polista ndani. Kwenye kila ukingo wa pembeni, ndani ya upindo wa kitambaa, hupita waya mwembamba wa chuma uliosukwa, wenye springi upande wa nyuma, na kazi yake ni kuuvuta upindo ulale barabara juu ya reli. Chini ya reli kuna mpira wa sponji uliokatwa vipande vitatu, kwa kuwa reli yenyewe hukunjika, na kioo cha mlango, ambacho hakina fremu, hupanda na kujibana kwenye mpira huo. Mlango unapofunguliwa kioo hushuka kiasi cha sentimita 1 ili kiachane na mpira, kisha hupanda tena mlango ukishafungwa.

Msomaji azingatie jambo moja katika maelezo hayo: kioo cha gari la namna hii hushikwa kutoka chini tu. Juu hakuna chochote cha kukizuia isipokuwa ule mpira.

Malalamiko na hatua zilizotangulia

Mwenye gari alieleza kwamba kwa muda mrefu gari lilikuwa na mvumo mdogo wa upepo ambao aliuchukulia kuwa wa kawaida kwa paa la kitambaa. Baadaye mashine ya kioo cha mlango wa dereva iliharibika na kubadilishwa katika gereji moja, na tangu aliporudishiwa gari aliisikia sauti nyembamba ya mluzi karibu na sikio lake, ikianza katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa na kukua haraka kadiri mwendo ulivyoongezeka. Kwenye mwendo wa juu zaidi kulikuwa na sauti ya pili, nzito na ya kupigapiga, lakini hiyo aliitaja kwa kupita tu, kwa sababu ule mluzi ndio uliokuwa ukimkera.

Kabla ya kutafuta msaada mwingine, alibandika ukanda wa sponji yenye gundi chini ya mpira wa taruma la mbele, akiamini kwamba mpira ulikuwa umebonyea na ulihitaji kuinuliwa. Mluzi haukuisha. Badala yake kulabu zilikuwa ngumu kufunga, mota ya paa ikaanza kulalamika mwishoni mwa safari yake, na upande wa abiria, uliokuwa kimya hadi hapo, ukaanza kuvuma. Fundi mmoja alimshauri abadilishe paa zima. Ushauri huo ulitolewa bila gari kuendeshwa, na hapo ndipo mwenye gari alipoamua kulipeleka kwa fundi mwingine, ambaye kazi yake ndiyo inayochambuliwa hapa.

Neno moja alilolisema mwenye gari katika mazungumzo ya kwanza lilipewa uzito kuliko alivyokusudia. Alisema, kama hoja ya kuutetea mpira wa kioo, kwamba gari halikuwahi kuvuja hata tone moja la maji upande wa dereva. Fundi aliliandika, kwa kuwa lilimwelekeza kwenye aina fulani ya kasoro: mwanya ambao haupo gari likiwa limesimama.

Upepo unavyofanya kazi katika eneo hilo

Gari likienda kilomita 110 kwa saa, shinikizo la hewa inayokutana nalo uso kwa uso ni karibu paskali 560. Hewa hiyo inapolazimika kupinda kuizunguka nguzo ya mbele na ukingo wa juu wa kioo cha mbele, huongeza mwendo, na shinikizo lake hushuka chini ya lile lililomo ndani ya gari. Kwa hiyo, kinyume na wanavyodhani wengi, upepo hausukumi kioo cha mlango ndani, bali hukivuta nje. Kwa kioo chenye eneo la theluthi moja ya mita mraba, mvuto huo unaweza kufikia uzito wa kilo 10 na kupita, na kwa kitambaa cha paa chenye eneo la mita mraba 1.5, kani inayokiinua juu inaweza kufikia uzito wa kilo 40 hata kama tofauti ya shinikizo ni nusu tu ya ile paskali 560. Kitambaa huvimba kama tanga, na ukingo wowote usiovutwa chini hunyanyuka na kuanza kupigapiga.

Sauti zinazotokana na hali hizi mbili hazifanani. Hewa inayochomoka kupitia mwanya mwembamba kati ya kioo na mpira hutoa mluzi au mvumo mwembamba, na hubadilika kwa ghafla gari likipigwa na upepo wa ubavuni. Kitambaa kinachopigapiga hutoa sauti nzito inayosikika kifuani kuliko masikioni. Zote mbili hukua kwa kasi isiyolingana na mwendo: nguvu ya sauti inayozaliwa na hewa inayopita juu ya maumbo magumu hukaribia kipeo cha sita cha mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa huongezeka kwa takriban desibeli 10, kiasi ambacho sikio hukihesabu kuwa ni maradufu. Ndiyo maana kulizungusha gari polepole mtaani hakumwambii fundi lolote kuhusu tatizo la aina hii.

Uchunguzi

Gari liliendeshwa kwanza likiwa kama lilivyoletwa, mwenyewe akiwa usukani na fundi akiwa kiti cha abiria. Siku iliyochaguliwa ilikuwa na utulivu wa hewa, na kipande kimoja cha barabara kilipitwa kwa pande zote mbili ili upepo mdogo uliokuwapo usipotoshe matokeo. Redio na feni vilizimwa. Dereva alipoachia mafuta kwa ghafla mluzi haukubadilika, na kwa hiyo injini na moshi viliondolewa kwenye orodha. Barabara ilipobadilika kutoka lami laini hadi ya kokoto haukubadilika pia, na matairi nayo yakaondolewa. Huo ulikuwa uchujaji wa dakika chache, lakini bila huo kazi iliyofuata ingekuwa ya kubahatisha.

Hatua ya pili ilikuwa kuubandua ukanda wa sponji ulioongezwa na mwenye gari. Fundi alikataa kuchunguza chochote ukiwa bado umebandikwa, kwa hoja kwamba ulikuwa umelinyanyua taruma la mbele na kwa hiyo kila kipimo kingekuwa kipimo cha sponji, si cha gari. Ulipoondolewa na mabaki ya gundi kusafishwa, kulabu zilifunga kwa ulaini na upande wa abiria ukarudi kimya. Mluzi wa upande wa dereva ulibaki vilevile.

Baada ya hapo kilifuata kipimo ambacho matokeo yake yalikuwa ya kushangaza kwa wale ambao hawakuwa wameyazingatia maneno ya mwenye gari kuhusu maji. Kifaa kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, kiliwekwa ndani ya gari lililofungwa, na kipokezi chake kikapitishwa polepole nje kwenye viungo vyote. Kifaa hiki hutegemewa sana katika kutafuta mianya, na mara nyingi hustahili kutegemewa. Hapa hakikupata mwanya wowote wa maana. Ukanda wa karatasi uliobanwa kati ya kioo na mpira na kuvutwa nao ulishikwa kila mahali, ingawa kwenye kona ya mbele ya kioo cha dereva ulishikwa kwa ulegevu kidogo.

Fundi alirudia kipimo cha karatasi kwa namna nyingine. Alimtaka msaidizi akae ndani na kukisukuma kioo cha dereva nje kwa kiganja, karibu na ukingo wa juu, kwa nguvu ya wastani, wakati yeye akivuta karatasi kutoka nje. Kwenye kona ya mbele karatasi ilitoka bila kizuizi. Upande wa abiria, kwa msukumo uleule, iliendelea kushikwa. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na kwa maoni yangu ndicho kilichobeba kisa kizima, kwa sababu kiliiga kile ambacho upepo hufanya na ambacho gari lililosimama haliwezi kukionyesha.

Hata hivyo uamuzi haukufanywa kwa karatasi peke yake. Viungo vyote vya upande wa dereva vilifunikwa kwa utepe wa karatasi wanaoutumia wapaka rangi, ambao haung'oi rangi wala kuacha gundi kwenye kitambaa: kiungo cha taruma la mbele na fremu ya kioo, ukingo wote wa juu wa kioo cha mlango, kiungo kati yake na kioo kidogo cha nyuma, na tako la saitimira. Kwa gari lenye kioo kinachoshuka mlango unapofunguliwa, utepe hubandikwa baada ya dereva kukaa ndani na mlango kufungwa, la sivyo hupasuka mara moja. Gari liliendeshwa tena na mluzi ulikuwa umekwisha kabisa. Kisha utepe uliondolewa sehemu moja baada ya nyingine, kila mara gari likirudishwa kwenye kipande kilekile cha barabara. Ulipobanduliwa ule wa kona ambako nguzo ya mbele hukutana na taruma, mluzi ulirudi wote. Tako la saitimira lilichangia mvumo mdogo usiobadilika, wa aina iliyo kwenye karibu kila gari.

Kufunikwa kwa mluzi kulileta faida ya pili. Kwa kuwa sauti hiyo nyembamba haikuwapo tena, ile nzito ya kupigapiga ilisikika waziwazi, na mwenye gari mwenyewe alishangaa ilivyokuwa kubwa. Utepe haukuwa umeigusa. Gari liliposimamishwa, fundi alipitisha vidole chini ya upindo wa kitambaa juu ya kioo cha dereva, nao ukanyanyuka bila upinzani kwa upana wa vidole viwili. Upande wa abiria haukunyanyuka. Waya wa ndani ya upindo ulikuwa umekatika karibu na springi yake ya nyuma, mahali ambapo hupinda kila paa linapokunjwa. Upindo ulipobandikwa kwenye reli kwa utepe na gari kuendeshwa, kupigapiga kulikoma.

Maamuzi na sababu zake

Kufikia hapa kulikuwa na vyanzo viwili vilivyothibitishwa, na ule ushauri wa kubadilisha paa zima ulipaswa kujibiwa. Uliwekwa kando kwa sababu tatu zilizoandikwa: kitambaa hakikuwa na mpasuko wala mshono uliofumuka, kioo cha nyuma kilikuwa bado kimeshikamana na kitambaa pande zote, na hakuna hata kimoja kati ya vyanzo viwili kilichotokana na kitambaa chenyewe. Ningeongeza ya nne. Kitambaa kipya huvutwa kwa nguvu kubwa kuliko kile kilichozoea, na kingelibana taruma la mbele kwa namna tofauti, hivyo kioo kilichokaa vibaya kingeendelea kukaa vibaya mbele ya paa lililogharimu fedha nyingi.

Swali gumu zaidi lilikuwa mpangilio wa kazi. Mpira wa reli, kioo na taruma la mbele hutegemeana, na kukirekebisha kimoja hubadilisha mguso wa vingine viwili. Uamuzi ulikuwa kuanza na kile ambacho vingine vyote hukitegemea, yaani paa, kuhakikisha limekaa mahali pake na kulabu zimelibana sawasawa pande zote mbili, kisha waya wa upindo, kisha kioo, na mpira uachwe mwisho kabisa, ubadilishwe tu ikiwa kioo kilichopangwa vizuri kitashindwa kuupata. Kulikuwa na shinikizo la kuanza na mpira, kwa kuwa ndio unaoonekana na ndio unaonunuliwa kwa urahisi. Hoja iliyoshinda ni kwamba mpira mpya uliowekwa mbele ya kioo kilichopinda hujifunza ule upotovu ndani ya miezi michache, na baadaye hauwezi kurudishwa.

Utekelezaji

Urefu wa kulabu mbili ulipimwa, na ile ya upande wa abiria ikaonekana kuwa imefupishwa kuliko mwenzake, huenda na mtu aliyejaribu kulibana taruma wakati fulani uliopita. Zilisawazishwa. Kukaza kupita kiasi hapa huupinda mpira wa mbele na kuipa mota kazi isiyo yake, kwa hiyo kipimo kilichotumika kilikuwa karatasi kushikwa sawasawa kutoka kona hadi kona.

Waya mpya ulipitishwa ndani ya upindo kwa kuufunga mwisho wake kwenye mabaki ya ule wa zamani na kuuvuta kutoka upande wa pili. Kazi hii ni ya subira kuliko ya ustadi. Waya wa upande wa abiria nao ulibadilishwa ingawa haukuwa umekatika, kwa kuwa nyuzi zake chache zilikuwa zimeanza kuachana mahali palepale.

Kioo kilichukua muda mwingi kuliko yote. Kava la ndani la mlango lilipofunguliwa, baada ya betri kuondolewa na kungojewa kwa muda unaotakiwa na mtengenezaji kwa sababu ya mfuko wa hewa wa ubavuni, jambo la tatu liligunduliwa: karatasi ya nailoni inayotenganisha upande mkavu na upande wenye unyevu wa mlango ilikuwa imebanduliwa wakati wa kubadilisha mashine ya kioo na kurudishwa bila gundi kwa upande mmoja. Nailoni hiyo huzuia maji kuingia ndani ya gari, na vilevile huzuia hewa na kelele zinazopanda kutoka kwenye matundu ya chini ya mlango. Haikuwa chanzo cha mluzi. Ilibandikwa upya kwa ukanda wa gundi ya butili.

Mashine mpya ya kioo ilikuwa imefungwa kwenye nafasi ya katikati ya matundu ya bolti zake, kana kwamba hakuna marekebisho yaliyowahi kufanywa kiwandani. Mahali bolti zilipokuwa palichorwa kwa kalamu kabla hazijalegezwa, ili pawepo mahali pa kurudia. Kioo cha namna hii hurekebishwa kwa njia tatu: kimo, mkao wa mbele na nyuma, na mwinamo wa kuelekea ndani. Kimo kilikuwa sahihi. Mwinamo ndio uliokuwa umepotea. Kioo kinatakiwa kiegemee ndani kidogo, ili gari likisimama kiwe kimeubonyeza mpira zaidi ya kinavyohitaji kuzuia hewa, na kile kinachozidi ndicho kinachotumika mvuto wa upepo unapokuja. Kioo cha dereva kilikuwa kikiugusa mpira tu. Mguso huo ulitosha kuzuia maji ya mvua na mawimbi ya kile kifaa, lakini haukuwa na akiba yoyote.

Bolti za chini zilirekebishwa kwa kuzungushwa kidogo kidogo, na baada ya kila mzunguko chaki ilipakwa kwenye ukingo wa kioo, mlango ukafungwa na kufunguliwa, na alama iliyobaki kwenye mpira ikasomwa. Mwanzoni alama ilikuwa mstari mwembamba uliokatika kwenye kona ya mbele. Mwishoni ilikuwa ukanda mpana unaofanana na ule wa upande wa abiria. Mwinamo mwingi kupita kiasi una madhara yake, kwa kuwa kioo huweza kuupanda mpira badala ya kuingia chini yake, na mlango ukafungwa kwa kishindo. Hilo lilitokea mara moja katikati ya kazi na likarudishwa nyuma. Betri iliporudishwa, mota ya kioo ilifundishwa upya vituo vyake vya juu na chini kwa utaratibu wa gari hilo, maana bila hivyo kioo kisingepanda kikamilifu baada ya mlango kufungwa na kazi yote ingeonekana imeshindwa.

Mpira ulisafishwa kwa maji na sabuni laini, ukakaushwa na kupakwa grisi ya silikoni. Grisi na mafuta yatokanayo na petroli hayakutumika kwa sababu huuvimbisha na kuudhoofisha mpira wa EPDM, aina ya mpira wa viwandani ambao ndio hutumika zaidi katika sehemu hizi.

Matokeo

Gari lilipoendeshwa kwenye barabara ileile, kupigapiga kulikuwa kumekwisha na mluzi umepungua sana, ila haukuwa umeisha. Kulibaki mluzi hafifu kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa na kuendelea. Mwenye gari alilichukua likiwa hivyo kwa makubaliano kwamba paa libaki limefungwa kwa majuma kadhaa, kwa matumaini kwamba mpira, uliokuwa umeanza kushika umbo la mguso mbaya, ungelegea na kulifuata umbo jipya.

Matumaini hayo yalitimia nusu. Siku za joto gari lilikuwa kimya. Asubuhi za baridi, mpira ukiwa mgumu, mluzi ulirudi kwa dakika za mwanzo. Kona ya mbele ya mpira ilipotazamwa kwa karibu ilikuwa na bonde lisilojaa hata baada ya kuachwa bila kubanwa usiku kucha. Kipande cha mbele pekee, kati ya vile vitatu, kilibadilishwa, na mluzi haukurudi tena katika joto wala baridi. Mvumo wa saitimira ulibaki kama ulivyokuwa.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kutenganisha sauti kabla ya kutafuta dawa. Gari lilikuwa na kasoro mbili zisizohusiana, moja ya zamani iliyokua polepole na nyingine iliyozaliwa siku mashine ya kioo ilipobadilishwa, na mwenye gari aliziunganisha kuwa lalamiko moja. Kama kioo kingerekebishwa kwanza bila jaribio la utepe, kupigapiga kungejitokeza baadaye na kuonekana kuwa ni matokeo ya marekebisho hayo, na huenda fundi angeanza kuitengua kazi iliyokuwa sahihi.

Mpangilio wa paa, waya, kioo na mpira nao ulijithibitisha, ingawa gharama yake ilikuwa gari kurudi mara ya pili kwa ajili ya mpira. Wapo watakaosema kwamba kipande cha mbele kingebadilishwa tangu mwanzo. Siafiki. Kubadilisha mpira na mwinamo wa kioo kwa pamoja kungeficha ni kipi kilichofanya kazi, na zaidi ya hapo, mpira mpya ambao bado haujalegea hupotosha usomaji wa alama za chaki, kwa kuwa huonyesha mguso mpana hata kioo kikiwa hakijafika mahali pake.

Kuhusu kilichokwama, ukanda wa sponji wa mwenye gari ni mfano wa wazi, lakini sababu yake ya kushindwa haikuwa ubora wa sponji. Ulilinyanyua taruma la mbele pamoja na ncha za mbele za reli zote mbili, ukausogeza mpira mbali na vioo vyote viwili, na ndiyo maana upande mzima wa abiria ulianza kuvuma. Unene ulioongezwa mahali pamoja uliondoa mguso mahali pengine palipokuwa na afya.

Kile kifaa cha mawimbi hakikuwa na kasoro yoyote. Kilijibu swali ambalo si lenyewe. Kilithibitisha kwamba gari lililosimama limezibika, jambo ambalo maji yalikuwa yameshalithibitisha. Fundi anayekitumia kwenye gari la kioo kisicho na fremu anapaswa kukitumia huku kioo kikisukumwa nje, au asiyachukulie matokeo yake kuwa hukumu.

Kasoro iliyojificha zaidi ilikuwa kwenye upimaji wa sauti. Simu yenye programu ya kupima desibeli ilitumika katika kila safari, na kwa mluzi ilisaidia kiasi, kwani tofauti kati ya safari moja na nyingine ilionekana hata kama tarakimu zenyewe hazikuwa za kuaminika. Lakini waya wa upindo ulipobadilishwa na kupigapiga kukakoma, kipimo karibu hakikusogea kabisa, ilhali mwenye gari aliyaeleza mabadiliko hayo kuwa ndiyo makubwa kuliko yote. Hakuna aliyekosea kati yake na simu. Kipimo cha desibeli A, ambacho programu nyingi hukitumia bila kumuuliza mtumiaji, huzipunguzia sauti nzito uzito ili kuufuata usikivu wa sikio: sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde hupunguziwa desibeli 19, na ya mitetemo 50 hupunguziwa desibeli 30. Kupigapiga kwa kitambaa huangukia humo humo. Kwa hiyo programu ilikuwa ikiifuta sauti iliyokuwa ikitafutwa. Pale programu inaporuhusu, kipimo cha desibeli C, ambacho huzipunguzia sauti nzito kidogo tu, au kile kisichopunguza chochote kinafaa zaidi kwa matatizo ya kitambaa, na A kibaki kwa ajili ya miluzi.

Mipaka ya kisa hiki

Mpangilio uliofuatwa hapa unahusu magari ambayo kioo chake hujibana kwenye mpira wa paa na yana waya ndani ya upindo. Mapaa mengine hutumia mikanda ya kunyumbulika badala ya waya, nayo hulegea pole pole bila kukatika, hivyo jaribio la vidole halitaonyesha tofauti kubwa kati ya pande mbili na itabidi pande zote zilinganishwe na vipimo vya mtengenezaji. Magari ya zamani yenye paa la kufungwa kwa mkono na kioo kisichoshuka mlango unapofunguliwa huwa na mwinamo mdogo zaidi, kwa kuwa kioo lazima kipite mbele ya mpira bila kushuka. Kwa hayo, kukiinamisha kioo kama ilivyofanyika hapa kungeuchana mpira katika wiki za mwanzo, na kipande kipya cha mpira chenye umbo lake la awali huwa ndicho cha kujaribiwa kwanza.